Mipopla Kumi na Mmoja ya Urmat

Naryn, 9 Novemba 2018

Mjomba Sagynaly, shikamoo.

Kabla hujauliza: mimi mzima, meno yote ninayo, na sijafungwa. Mama anakusalimia. Goti linamsumbua tangu theluji ya kwanza ianguke, ila ulimi haujambo. Jana kagombana na muuza kabichi mpaka yule baba akampa moja ya bure ili aondoke. Beken dereva atakupa barua hii pamoja na gunia la unga na ile chai ya pakiti ya kijani unayoipenda. Akikwambia pakiti ilipasuka njiani, mwangalie machoni.

Mjomba, nimepata kazi. Usicheke! Najua nimeuza jibini kavu stendi, nikauza soksi, nikauza vifaranga ambao wote waligeuka majogoo. Hii ni kazi yenye kofia. Kofia ngumu, ya njano. Kampuni inaitwa Too-Zym, tuko watu watano na gari moja ambalo milango yake mitatu inafunguka. Bosi ni mwanamke, Chynara, amesoma mpaka vitabu vinamwogopa. Tunasimamisha minara ya mtandao kwenye mabonde ambayo makampuni makubwa hayataki hata kuyaona kwenye ramani. Minara ya LTE. Hizo herufi maana yake nilimuuliza Chynara, akanieleza dakika ishirini, nikawa natikisa kichwa kwa heshima tu. Ninachojua mimi: unasimamisha mlingoti, juu yake unafunga antena zinazomwaga mtandao kijijini, halafu unafunga dishi linalotazama mnara mama. Mnara mama wetu uko juu kule kwenye kipito cha milimani cha Ak-Bel. Dishi na mnara mama lazima watazamane uso kwa uso. Kitu kikikaa katikati, hawasemezani tena, kama mama na shangazi Batma.

Wiki mbili zilizopita, wewe ulipokwenda kuteremsha farasi, tulikuja Tegirmen kupima. Kijiji kizima kina mahali pamoja tu panapofaa: kile kilima nyuma ya zizi lako, nyuma ya ile miti mirefu, mipopla. Penginepo ni makaburi, au ni njia ya theluji inayoporomoka. Nilisimama pale nikaona mlango wa chumba tulicholala mimi na mwanao Urmat miaka saba, mama alipokuwa kiwandani. Nilikaribia kumsikia marehemu mkeo, mama mkubwa Kalbubu, akituita tukale. Nikajifanya vumbi limeniingia jichoni. Chynara akasema, "Tolomush, hakuna vumbi, kuna theluji."

Basi nakitaka hicho kilima. Na siombi kwa jina la kampuni, naomba kwa upwa wangu. Unajua desturi: mpwa akitaka kitu kwa mjomba wake, mara tatu katika maisha yake, mjomba hana mdomo wa kukataa. Ya kwanza nilichukua mwanafarasi mwekundu. Ya pili tandiko la babu, ambalo niliuza, samahani tena. Hii ni ya tatu.

Mpwa wako mwenye kofia,
Tolomush

*

Tegirmen, 22 Novemba

Tolomush,

Nimepata barua na unga. Chai ilipasuka. Nimemwangalia Beken machoni, naye akaangalia mbuzi.

Hapa tuko salama. Kondoo wawili wameliwa na mbwa mwitu. Yule farasi mweupe amezeeka, sasa anasinzia akiwa anatembea, na mimi juu yake nasinzia pia, kwa hiyo tunafika tunapofika. Mwambie mama yako goti alifunge manyoya ya mbwa, asitafute wafamasia.

Kilima chukua. Lakini andika mahali ukumbuke: mwanafarasi, tandiko, kilima. Tatu umezila zote. Kuanzia leo ukitaka hata kikombe cha maziwa kwangu utaomba kama mtu baki, na mimi nitafikiria.

Batma alikuja kuuliza kama huo mlingoti utamkausha ng'ombe wake maziwa. Nikamwambia ng'ombe wako alikauka tangu alipokuona wewe. Hajanisalimia mpaka leo. Kuna amani sana.

Nina swali. Hicho kitu kinafika mpaka Urusi? Nauliza tu. Watu hapa wanauliza.

Sagynaly

*

Naryn, 3 Machi 2019

Mjomba shikamoo, salamu tele kutoka kwa mama, ambaye amefunga manyoya ya mbwa na sasa paka wa jirani wote wanatukwepa. Goti limepona nusu. Mimi mikono imepona pale ngozi ilipobanduka ikabaki kwenye chuma cha baridi.

Mjomba, mimi bado naishi ndani ya ile wiki ya Februari. Nikifumba macho namwona farasi mweupe anaburuta vipande vya mlingoti juu ya kilima huku amesinzia. Unakumbuka wale wazee sita wakivuta kamba, kila mmoja anatoa amri, hakuna anayevuta? Na wewe ukakaa juu ya betri ukasema, "Miaka arobaini nimesimamisha mahema, sijaona hema jembamba hivi." Chynara alicheka mpaka akaangusha nati kwenye theluji. Tuliitafuta kwa mikono mitupu saa nzima.

Halafu ile ya kulenga dishi. Mimi juu nimefungwa mkanda, pua imeganda, nasogeza dishi unywele mmoja kulia, unywele mmoja kushoto. Chynara chini na kompyuta anapiga kelele, "Rudisha! Rudisha! Kidogo! Umepita, we punda!" Ghafla akanyamaza. Mnara mama umeitika. Sijawahi kusikia kimya kitamu hivyo tangu siku ya kwanza Urmat na mimi tulipofika kilele cha mpopla wa mwisho na ukatukuta kule. Ulisimama chini, hukusema kitu, ukaanza tu kuvua mkanda.

Yale mapaja ya kondoo uliyemchinja sijayasahau. Ila nilipoingia ndani na kuona blanketi za mama mkubwa bado zimepangwa kama alivyozipanga mwenyewe, nyekundu chini, bluu juu, nilitoka nje kuangalia betri. Betri haikuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo niambie, simu niliyokuachia inaendeleaje? Laini ni ya kampuni, hulipii. Nasikia Tegirmen hamlali siku hizi, kila nyumba inaongea na mtoto wake Moscow.

Mpwa wako,
Tolomush

*

Tegirmen, 2 Aprili

Tolomush,

Sikukuu ya mwaka mpya, Nooruz, imepita vizuri. Tulipika uji wa ngano siku nzima, watu wakaja kula, lakini wengi walikula na simu mkononi. Batma anaongea na mwanawe kwa picha. Anaweka simu sikioni, mtoto anaona sikio la mama yake tu, kubwa kama sahani. Wamemwambia mara nyingi. Anajibu, "Mimi nasikia kwa sikio, siyo kwa pua."

Mtoto wa mwalimu amepiga. Wale mapacha wa Kubat wamepiga wote, mmoja kutoka Moscow na mwingine kutoka Kazan. Hata yule mwana mlevi wa Asan, aliyepotea miaka sita, amepiga, ana ndevu.

Simu yangu ni nzima. Naijaza moto kila asubuhi. Naweka juu ya sanduku la blanketi, uso juu, ndiyo mahali penye mtandao mwingi, Chynara alinionyesha.

Kondoo wanazaa. Nina kazi nyingi.

Sagynaly

*

Naryn, 19 Mei

Mjomba, shikamoo, na samahani kwanza, maana leo nina samahani nyingi kuliko habari. Mama mzima. Mimi mzima wa mwili.

Umesikia jinsi mtandao ulivyokufa. Haukufa kwa kishindo. Kuanzia tarehe nane ulikuwa unapungua kidogo kidogo, leo picha zinaganda, kesho sauti zinakatika, mpaka tarehe kumi na tano kukawa kimya. Nikapanda mbio na fundi mwenzangu. Wewe ulikuwa umeshapanda na kondoo malisho ya masika. Kila nikija haupo, nitaanza kudhani unanikimbia. Tukabadilisha redio, tukabadilisha kebo, tukachimbua waya wa radi tukaufukia upya. Hakuna kitu. Batma alisimama chini ya mlingoti akiniita mwizi wa watoto wa watu. Ati Februari nilimrudishia mwanawe na Mei nimemnyang'anya.

Halafu nikakaa chini kuvuta pumzi, nikatazama kule linakotazama dishi. Mjomba, niliona kijani.

Mipopla ina majani!

Nilipima mwezi wa kumi ukiisha. Miti ilikuwa mitupu, vijiti tu, mnara mama ulionekana katikati yake kama mtu dirishani. Nikamwambia Chynara, "Hapa safi." Na sasa mipopla yote kumi na mmoja imevaa, imesimama bega kwa bega mbele ya dishi, na kila jani lina maji, na maji hayapitishi hata salamu. Miaka saba nimekulia chini ya hiyo miti, nimelala chini yake, nimechapwa chini yake, halafu nimesahau kwamba ina majani. Chynara aliponisikia hakunitukana. Alisema tu, "Sawa," na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mlingoti hauwezi kurefuka, msingi wake hautabeba. Mahali pengine hakuna. Mjomba, mipopla lazima ikatwe. Nitaleta msumeno mwenyewe, nitakuletea mbao za dukani badala yake, zilizonyooka. Tatu zangu zimekwisha, najua. Naomba kama mtu baki.

Tolomush

*

Tegirmen, 1 Juni

Tolomush,

Kondoo wazima. Nyasi nzuri mwaka huu.

Mipopla haikatwi.

Sagynaly

*

Naryn, 20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliigeuza nyuma nikidhani kuna maneno mengine. Nikamuuliza Beken kama ilipasuka njiani kama chai.

Mama anakusalimia. Amenikataza kuandika barua hii, kwa hiyo naandika stendi, juu ya gunia la karoti, usishangae mwandiko.

Najua ile miti ni ya nani. Hata mtoto wa Tegirmen anajua. Mtu akizaa mwana anampandia mipopla, mtoto anakua nayo, siku ya kuoa inakatwa na kuwa paa la nyumba yake. Nakumbuka ulivyotupima kila masika, unatusimamisha pale, mimi na Urmat, mgongo kwenye gome. Yeye alilia kwa sababu mti ulikuwa unamshinda kurefuka. Ukamwambia, "Usishindane naye, huyo ndiye dari yako." Mimi niliuliza, "Na dari yangu iko wapi?" Mama mkubwa akanipa mkate wenye malai ninyamaze. Ilikuwa malai nyingi sana, nikawa nauliza kila wiki.

Kwa hiyo sisemi ni kuni. Nasema hivi: Chynara amepewa mpaka mwisho wa Agosti. Waliotupa fedha za vifaa wanataka mnara unaofanya kazi mwaka mzima, siyo mtandao wa msimu kama kabichi. Usipofanya kazi, tunaung'oa na kuupeleka bonde la pili. Kaya sitini zitarudi kusubiri Beken. Na mimi nitarudisha kofia. Kofia siyo kitu, kichwa changu kimezoea baridi. Lakini nilipokuwa juu ya ule mlingoti mwezi wa pili, Mjomba, kwa mara ya kwanza tangu niache shule darasa la sita, nilifanya kitu kilichosimama.

Kama kuna neno unaniwekea moyoni, liandike. Hata tusi. Nimezoea matusi yako, yana harufu ya nyumbani.

Tolomush

*

Naryn, 28 Julai

Mjomba shikamoo.

Wiki tano, Alhamisi tano. Beken amechoka kuniambia "hakuna", siku hizi akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika garini. Anasema uko malishoni juu na unapata barua zangu, mchungaji anakupelekea. Anasema pia neno ambalo hukuniambia: kwamba mwezi wa tatu na wa nne ulikuwa unatembea na simu ndani ya kofia yako, hata ukikamua. Na mtandao ulipokufa, ulichinja kondoo kana kwamba ni sikukuu. Watu walidhani umechanganyikiwa.

Nimelifikiria hilo siku tatu. Mimi si mwepesi wa kufikiri, unanijua, lakini nikishika nashika. Zamani ukiulizwa habari za Urmat ulisema, "Hakuna mtandao huku, angepiga." Miaka minne ulisema hivyo. Halafu mimi na kofia yangu nikakuletea mtandao, watoto wote wakapiga, hata mlevi wa Asan, na simu yako ikakaa juu ya sanduku. Nilidhani nakuletea zawadi, kumbe nilikunyang'anya sababu. Nisamehe.

Sasa nitakwambia kitu nilichoapa nisiseme. Nimekivunja kiapo, na Mungu na Urmat watapanga foleni ya kunilaumu.

Nilimpata Februari. Siku ileile dishi liliposhika, nilikaa juu ya kilima chako nikatafuta jina lake, nikampigia. Yuko Tyumen, anaendesha lori la mikate. Aliponiona tu, nimekaa kilimani, na mipopla ile mitupu nyuma yangu, alizima picha. Baada ya dakika kumi akapiga mwenyewe, sauti bila sura.

Nikamwambia, "Baba yako yuko hapo chini hatua mia, nampelekea simu." Akasema, "Ukithubutu nakata." Nikamwambia, "We mjinga, miaka yote hii, sema tu baba habari za huko." Akasema, "Siwezi. Siwezi kumwambia habari za huko, kana kwamba mama yuko jikoni."

Mjomba, unajua anachosema. Mtu asiyemzika mama yake, hata akija baada ya miaka kumi, anaanza kulia tangu barabarani, analia kwa sauti mpaka mlangoni, wanaume wanampokea, anaingia, anapewa pole. Hapo ndipo anasalimia. Kabla ya kilio hakuna salamu. Urmat hajalia. Kila akichukua simu akupigie, anaona atakusalimia juu ya mama ambaye hajamlilia, na anaiweka chini. Kadiri miaka inavyopita ndivyo inavyozidi kuwa nzito. Nilimwambia, "Basi njoo ulie." Akasema mwaka ule mama mkubwa alipofariki karatasi zake zilikuwa hazijatoka, angevuka mpaka asingeruhusiwa kurudi, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ndiyo, Mjomba. Mkewe. Ameoa bila wewe kujua, hana paa kutoka kwako. Ana binti. Anaitwa Kalbubu.

Sitaki kilima, sitaki miti. Mnara uking'olewa, utang'olewa. Nimekwambia kwa sababu ulikuwa unadhani amekusahau, na yeye anadhani humtaki, na mimi katikati nimekaa na siri kama ile mipopla, na majani yangu yote.

Mpwa wako,
Tolomush

*

Tegirmen, 12 Agosti

Tolomush,

Barua yako ilinifikia malishoni. Mchungaji alinisomea nusu, nusu ya pili nikamnyang'anya, nikasoma mwenyewe nyuma ya jiwe.

Kwanza, wewe ni mjinga. Tangu Februari! Uliketi kwangu, ukala kondoo wangu, mafuta yanakuchuruzika kidevuni, na hilo ulikuwa nalo mfukoni. Ungekuwa karibu ningevua mkanda, na usifikiri umeshakuwa mzee wa kukimbia.

Pili, yeye ni mjinga zaidi.

Tatu, kuhusu yule kondoo niliyemchinja Mei: alikuwa anachechemea.

Nimeteremka jana. Nimekaa chini ya mipopla mchana mzima. Nilimwambia marehemu Kalbubu wakati ule ninaichimbia mashimo, mtoto ana siku arobaini, kwamba kumi inatosha kwa nyumba yoyote. Akasema panda mmoja zaidi, huwezi kujua, kijana anaweza kutaka kibaraza. Nikamkatalia. Nilipokwenda kumnywesha farasi akaupanda mwenyewe. Ule wa mwisho, uliopinda kidogo kule chini. Hakujua kupanda mti, alijua mambo mengine yote.

Niliogopa nikiikata watu watasema Sagynaly amekata tamaa na mwanawe. Batma angekuja kunipa pole. Pole ya Batma siiwezi. Sasa unaniambia kijana ameoa. Kumbe nimechelewa. Miti ya mtu aliyeoa inasimama inafanya nini?

Usilete msumeno wako. Miti hii haikatwi na kampuni. Nimeita wanaume sita, walewale wa kamba. Alhamisi tunaanza.

Niandikie namba yake kwa tarakimu kubwa. Hapana. Usiniandikie. Mimi sitampigia, baba hapigi kabla. Mwambie tu dishi litakuwa linaona kuanzia Jumapili. Na mwambie mlango wangu uko palepale, na kwamba Chynara anasema sauti inafika kama mtu yuko barabarani.

Sagynaly

*

Naryn, 25 Agosti

Mjomba shikamoo, salamu zako zote zimefika na matusi yako yote yamefika, nimeyapanga vizuri.

Jumapili saa nne asubuhi kompyuta ya Chynara ililia mlio mmoja mdogo. Akatazama, akatazama tena, akasema, "Tolomush, Tegirmen imefungua macho." Namba za nguvu ya mtandao ni nzuri kuliko za Februari. Nimebaki na kofia.

Nilimwambia Urmat maneno yako kama ulivyoyaandika, sikuongeza chumvi, na unajua mimi kwa chumvi. Nikadhani mtandao umekatika, nikaanza kuangalia kebo. Halafu akaniuliza, "Kumi na mmoja wote?" Nikamwambia wote. Akakata simu.

Kilichofuata sikijui. Sijauliza. Mama ananiambia nisiulize, halafu yeye kila saa ananiuliza mimi.

Tolomush

*

Tegirmen, 8 Septemba

Tolomush, wewe na mama yako,

Salamu. Beken ameleta chai, haikupasuka. Dunia inabadilika.

Ilikuwa Jumatatu, nakamua. Simu ikalia ndani ya kofia. Nilibonyeza kijani kama mlivyonifundisha, nikasikia gari limezimwa, mlango wa gari umefungwa. Halafu akaanza.

Tolomush, hakulia kama mtu wa simu. Alilia kama mtu anayekuja kutoka darajani. "Oo mama yangu, oo niliyekuacha, oo mama yangu." Sauti kubwa, ya kifua. Ng'ombe aliondoka. Mimi sikujua la kufanya na mikono. Nikachukua fimbo yangu, nikatoka, nikasimama nje ya mlango upande wa kulia, pale niliposimama siku tatu za msiba wa Kalbubu, nimeiinamia fimbo. Simu nikaiweka juu ya mkokoteni, uso juu.

Asan alikuwa anapita na majani, akasikia. Akaweka majani chini, akaja kusimama kando yangu. Kisha mwalimu. Kisha baba wa mapacha. Tukawa wanaume saba tumesimama mbele ya mkokoteni. Batma akaingia ndani bila kuniambia neno, akakaa mbele ya blanketi za Kalbubu, akaanza kuimba maombolezo, tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuruka hata mstari. Miaka yote hii sikujua kwamba anayakumbuka. Nitamsalimia kuanzia sasa. Kidogo.

Alilia mpaka sauti ikamwishia. Hapo nikasogea kwenye mkokoteni nikamwambia, "Pole, mwanangu. Yaliyokupata wewe yamenipata mimi." Wanaume wote wakampa pole, mmoja mmoja, wameinamia simu. Mwalimu aliinama sana, ndevu zikabonyeza kitu, picha ikafunguka.

Amenenepa. Ana mvi hapa pembeni. Amekaa ndani ya lori la mikate.

Akasema, "Shikamoo baba. Habari za huko?"

Nikamwambia za huku nzuri. Nikamwambia kondoo wazima.

Jioni akanionyesha mtoto. Ameshika mkate, ana nyusi za bibi yake, hajui neno moja la Kikirgizi. Alinitazama akamuuliza baba yake kitu kwa Kirusi, Urmat akacheka. Nikasema, "Anasemaje?" Akasema, "Anauliza kwa nini babu anaishi ndani ya kofia." Maana niliishika simu ndani ya kofia, kama nilivyozoea.

Anasema atakuja kiangazi kijacho, wote watatu, alie mlangoni kwa miguu yake. Nikamwambia aje. Kulia hakusubiri mti ukauke. Kujenga ndiko kunasubiri. Mpopla unataka viangazi viwili, ukiharakisha unapinda, na paa linakuwa kama mgongo wa farasi wangu. Amesema basi watakuja tena kiangazi cha pili. Nimemwambia asiniahidi, nimemwambia tu hesabu ya mti.

Magogo yote kumi na moja nimeyamenya maganda. Yako nyuma ya zizi, kivulini, nimeyalaza juu ya mawe yasiguse ardhi. Ule wa Kalbubu uliopinda, Asan alisema tuuchane kuni. Nikamwambia huo ni wa kibaraza.

Kila asubuhi nikishakamua nakwenda kuyageuza upande.

Sagynaly